Mchoraji wa Soseji

Hallonbergen, 8 Oktoba 2023

Kwako Shangazi Agripina,

Natumai barua hii itakukuta miwani yako ikiwa bado nzima, maana Mama aliniambia ile ya mwaka jana uliikalia. Sisi huku hatujambo. Phiona amebadilishiwa zamu pale nyumba ya wazee, anatoka alfajiri na kurudi saa tisa, kwa hiyo mimi na mke wangu tunaonana kama watu waliopanga chumba pamoja. Watoto wanakua. Nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiswidi, na nikikasirika wananijibu Kiswidi hicho hicho kwa upole zaidi. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe mwenyewe ulisema simu za siku hizi zinasikilizwa na boma zima, na kwamba mtu mwenye neno aliandike. Basi nimeandika.

Neno lenyewe ni hili. Unaijua kazi yangu pale Spånga, kwenye duka la vitu vilivyotumika. Watu wanaleta masanduku ya marehemu wao, mimi nachambua, vikombe huku, vitabu kule. Mwezi wa nane lilikuja kopo la biskuti, na ndani yake kadi za wanariadha, zile zilizokuwa zikitiwa katika pakiti za chingamu ili watoto wazikusanye. Ziko arobaini, za mwaka 1974. Si picha za kamera. Zilichorwa kwa mkono, kwa rangi, kisha zikachapishwa. Nyuma ya kila kadi kuna jina la mkimbiaji, nchi yake na muda aliokimbia. Jina la mchoraji halipo popote.

Mimi nilitaka kuziuza tu. Nikaanza kuzipanga mezani kwa namba, na hapo ndipo nilipopatwa. Wazungu kwenye kadi hizo kila mmoja ana sura yake. Weusi wako kumi na mmoja, kutoka nchi saba, na wote wana sura moja. Kwanza nilidhani ni yale yale ya kuonekana sote sawa. Lakini wamechorwa wakigusa utepe, wanahema, vinywa wazi, na ukiwatazama kwa lenzi utaona hawana meno sita ya mbele ya chini. Wote kumi na mmoja, mpaka yule wa Jamaika. Sasa wewe niambie, Mjamaika aling'olewa meno na nani? Huyu mchoraji alikuwa mtu wa kwetu, Shangazi, tena Mjaluo wa zamani, aliyezaliwa wakati ambapo kijana hakuhesabiwa mtu mzima mpaka meno hayo yang'olewe. Alikosa picha nzuri za kuiga, akajitazama kwenye kioo. Na kuna kovu dogo chini ya kidevu, upande wa kushoto, kwenye kadi zote.

Wewe unawajua watu wetu waliosoma zile enzi. Yuko yeyote, mchoraji, aliyekuja huku kabla ya 1974? Nimekutilia kadi moja kwenye bahasha, namba 17. Sura hiyo inanisumbua. Inafanana na Baba Erasto aliyetulea, Mungu amrehemu, kabla hajazeeka, lakini Erasto hakuwa na kovu wala hakuwahi kutoka Kenya. Phiona amezigeuza zote kifudifudi. Anasema hawezi kula akitazamwa.

Ni mimi mwanao,
Ronny


Ugunja, 19 Novemba 2023

Mwanangu Ronny,

Barua yako ilikaa posta wiki mbili kwa sababu karani alikuwa msibani. Imefika, nimeisoma, na mwandiko wako umeharibika sana. Mimi ni mzima. Mvua zimepitiliza mwaka huu, mahindi yanaoza kwenye mabua. Kicheche amemaliza kuku wangu watatu. Mama yako Magdalene anaendelea vizuri na dawa zake za presha, anakwenda kanisani kwa miguu yake na kurudi akiwa amewasema wote aliowakuta huko. Nilipita kwenu Jumamosi nikamkuta anafagia kaburi la baba yako Matayo, kama kawaida yake. Alikuwa anaongea peke yake, nikasubiri langoni mpaka akamaliza.

Kuhusu hizo kadi zako. Sikukusomesha ili ukawe daktari wa meno wa watu wa kwenye karatasi za chingamu. Mtu akichora kwa haraka, akakosea mara moja, atakosea mara kumi na moja. Na waliong'olewa meno si Wajaluo peke yao. Simjui mchoraji yeyote aliyekwenda huko. Ziuze, uwanunulie watoto viatu vya baridi.

Kadi uliyonitumia nimeiweka. Jambo moja tu: usimwoneshe mama yako, wala usimtajie kwenye simu. Presha yake haitaki mambo ya picha.

Msalimie Phiona. Mwambie asikubali zamu za alfajiri, zinazeesha.

Shangazi yako,
Agripina


Hallonbergen, 10 Desemba 2023

Shangazi yangu,

Pole kwa kuku. Huku theluji imeanguka wiki nzima na mgongo wa Phiona umeanza kulalamika, lakini tunakwenda. Mtoto wetu mdogo ameimba shuleni, amevaa kanzu nyeupe na mshumaa mkononi, na mimi nikalia kama mjinga mbele ya wazazi wenzangu.

Uliniambia nisimwoneshe Mama. Mimi sikuwa nimesema nataka kumwonesha. Hilo limenikaa kichwani, nikaamua badala ya kukuuliza tena niwaulize wengine.

Kuna watu wazima huku ambao maisha yao ni kukusanya kadi hizi na kutafuta nani alizichora. Niliandika kwenye ukurasa wao mtandaoni. Wakanijibu kwamba mchoraji huyo wanamjua sana, ila hawamjui jina. Wanamwita Korvmålaren, yaani mchoraji wa soseji. Nikauliza kwa nini soseji. Wakanielekeza kwa mzee mmoja wa Kifini aitwaye Sami, mpiga chapa mstaafu, ana miaka themanini na miwili na anaishi Jakobsberg. Jumapili iliyopita nilipanda treni nikaenda kwake.

Sami ndiye aliyekuwa akizichapa. Alinionesha kazi ilivyokwenda: mchoraji anachora kwanza kwenye kadibodi ngumu, mara nne ya ukubwa wa kadi. Kampuni ikiikubali sampuli hiyo, inapigwa picha na kupunguzwa, zinachapishwa arobaini kwenye karatasi moja kubwa, kisha zinakatwa. Michoro ya asili ilikuwa inatupwa. Sami aliona uchungu, akawa anaibeba nyumbani chini ya koti, mkewe akigomba. Anayo mpaka leo, kabatini, kati ya mashuka.

Akanitolea ile ya 1974. Nyuma ni safi, hakuna kitu. Halafu akanitolea ya 1977, maana kulikuwa na toleo la pili. Nyuma ya kila mchoro, pembeni chini, pamechorwa kitu kirefu, kinene, kinaning'inia kwa kikonyo. Sami akacheka, akasema ndiyo hiyo soseji yetu, pengine jamaa alikuwa na njaa. Mimi sikucheka. Ni yago, Shangazi. Ni tunda la mwegea.

Niliporudi sikula, na Phiona akataka kujua. Ikabidi nimweleze mambo ambayo miaka kumi na mitano ya ndoa sikuwa nimeyaeleza vizuri. Kwamba kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika yago badala yake, tunalilia kama mtu. Kwamba ndivyo mlivyomzika kaka yenu Matayo mwaka 1975, baada ya kupotelea Kampala wakati wa utawala wa wanajeshi. Kwamba mjane wake alikuwa Mama, na mdogo wake Erasto akamrithi, na sisi watoto wanne tuliozaliwa tukaitwa wana wa Matayo, mpaka kwenye pasipoti. Nikamwambia mimi nimezaliwa 1981 na baba yangu amezikwa 1975, na kwetu hakuna anayeshangaa. Phiona alisema Waganda wenzake nao wana mambo yao, lakini hili lilihitaji chai.

Sasa nisikilize. Nilimuuliza Sami jina la mchoraji. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Matayo." Akasema alikuwa mtu mpole, alikuja mwaka 1973 akitokea Kampala, na lile kovu la kidevuni alilipata utotoni, kwenye pedali ya baiskeli ya dada yake.

Ulikuwa na baiskeli, Shangazi?

Ronny


Ugunja, 14 Januari 2024

Ronny,

Mwaka mpya uwe wa heri kwenu. Mama yako ana mafua. Jua limerudi.

Nilikuwa na baiskeli. Baba alininunulia nilipofaulu, na wasichana wengi wa misheni walikuwa nazo.

Mtu aliyezikwa amezikwa. Wazee walisimama, nyimbo ziliimbwa, siku nne za kumlilia mwanaume zilihesabiwa, nywele zilinyolewa. Mama yako alirithiwa na kaka yangu mdogo mbele ya watu wote, kwa njia inayojulikana, na ninyi wanne mmezaliwa ndani ya jambo hilo. Ukimtoa yule kaburini unajitoa mwenyewe ulikotoka. Hujaelewa, au hutaki kuelewa?

Kadi yako niliifungia kwenye sanduku la vitabu. Nikaitoa, nikaitia katika pipa la unga. Nikaitoa tena, kwa sababu si vizuri kumtia mtu kwenye unga. Sasa iko chini ya godoro la chumba cha wageni, na chumba hicho siingii. Padri alipokuja kulala nilimwambia paa linavuja.

Sitaki barua nyingine ya kadi.

Agripina


Hallonbergen, 4 Februari 2024

Shangazi yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Najua umenikataza. Ningekutii, kama hili lingeweza kungoja. Kwanza tuko wazima, Phiona amepata daktari wa mgongo, na mafua ya Mama nimesikia kwenye simu yamepona. Sikumwambia kitu.

Sami alinipeleka kaburini. Matayo alifariki Novemba 1998, katika nyumba aliyoishi peke yake Jakobsberg. Hakuoa. Sami na wenzake wawili wa kiwandani ndio waliomzika, pale makaburi ya Spånga. Shangazi, mimi ninapita kando ya ukuta huo kila siku nikienda kazini, mwaka wa kumi sasa. Nimekula mikate yangu kwenye benchi lililo nje ya ukuta huo. Tangu nilijue hilo nikishuka kwenye treni naona kama kuna mtu aliyenitangulia ngazi. Wakenya wakongwe wa hapa nimewauliza, na mmoja anakumbuka mzee aliyekuwa akisikia Kijaluo dukani anaacha kapu lake na kutoka.

Jiwe lake limebandikwa kibandiko. Huku kaburi hupewa mtu kwa miaka ishirini na mitano, kisha watu wake waombe kuendelea nalo. Wasipojitokeza, jiwe linaondolewa na mahali anapewa mwingine. Miaka hiyo imekwisha. Nilikwenda ofisini kwao, nikamkuta mama mmoja mpole, akaniuliza huyu ni nani wako. Nikasema ni baba yangu. Akauliza alifariki lini. Nikasema alifariki miaka sita kabla sijazaliwa, halafu akafariki tena nikiwa kidato cha tatu. Alivua miwani akaifuta pole pole. Akasema kwenye faili yake imeandikwa hana jamaa, na kwa kuwa jina lake kwenye pasipoti yangu halitoshi kuniunganisha naye, atahitaji barua kutoka kwa ndugu yake wa damu au mke wake, yenye sahihi, kwamba mtu huyu ni wetu. Mwisho ni tarehe thelathini Aprili.

Ndugu yake wa damu aliyebaki ni wewe tu. Sihitaji zaidi ya mistari miwili.

Na kuna swali ambalo sitajifanya silioni. Michoro ya 1974 haina yago. Ya 1977 yote inayo. Kati ya miaka hiyo kuna mtu alimwandikia kutoka nyumbani akamwambia umezikwa, na kwamba kilichozikwa ni yago. Sami anasema kampuni ilimtaka atie sahihi kwenye michoro ya toleo la pili. Akakataa. Alisema, "Marehemu hatii sahihi." Wote kiwandani walicheka, na yeye alicheka nao.

Barua hii anakuletea Bridget, yule binti wa jirani yako anayekaa Sundbyberg, anakuja nyumbani kwa miezi miwili. Anakuletea na kitu kingine kilichofungwa kwa kitambaa. Ni mchoro wa asili, sampuli ya toleo la pili, pekee ambayo haikuwahi kuchapishwa. Ni msichana anakimbia peku, sketi ya shule ameichomeka kiunoni, na chini pameandikwa Magdalene, Kenya. Kampuni ilisema hakuna mwanariadha wa jina hilo. Yeye akasema yuko, anakimbia yadi mia nne na arobaini, na hakuna wa kumpata. Walibishana mpaka akapiga meza. Sami anasema katika miaka ishirini hakumwona akipiga kelele siku nyingine.

Ninakuomba,
Ronny


Hallonbergen, 24 Machi 2024

Shangazi,

Tuko salama. Bridget aliniambia alikukabidhi kile kitambaa mkononi tarehe kumi na tano Februari, na kwamba hukumkaribisha hata maji. Hiyo si tabia yako.

Wiki tano umenyamaza. Najua kunyamaza kwako. Nikiwa mdogo ulikuwa ukinyamaza hivyo, na mwenye kosa anajileta mwenyewe. Safari hii sijui mwenye kosa ni nani. Jana nilikwenda nikasimama pale kaburini. Sikujua nimwite baba au baba mkubwa au nimwite jina, basi nami nikanyamaza, tukawa watatu.

Nimekasirika, nakwambia wazi. Mtu aliyekaa miaka ishirini na mitano duniani akiogopa kapu la duka, halafu miaka mingine ishirini na mitano chini ya ardhi kwa jina la hana jamaa, na anayeweza kuliondoa neno hilo anahesabu kuku. Kama kuna unayemwogopa, niambie ni nani. Ni yeye, au ni Mama?

Ronny


Ugunja, 13 Aprili 2024

Mwanangu Ronny,

Barua yako ya hasira ilinifikia Jumanne. Ilikuwa haki yako kuiandika. Salamu za huku nitazitoa kwa mkato: mvua imeanza, nimepanda, mama yako ni mzima wa mwili. Hii atakuletea Bridget anaporudi Jumatano, ili tarehe yenu isipite.

Uliuliza ni nani aliyemwandikia. Ni mimi.

Barua yake ilikuja Agosti 1976, kwa anwani ya shule niliyokuwa nafundisha. Niliifungua katika chumba cha walimu, nikaona mwandiko, nikaenda chooni nikafunga mlango. Aliandika kwamba alitoroka Kampala kwa lori la kahawa, kwamba yuko Stockholm anachora watu wanaokimbia, kwamba miaka mitatu aliogopa kuandika ili barua isitupeleke pabaya, na sasa amepata karatasi zake na anataka kuja kumchukua mkewe. Aliandika Magdalene mara tisa kwenye kurasa mbili. Nilihesabu.

Wakati huo mama yako alikuwa na mimba ya miezi sita, ya dada yako mkubwa. Ya Erasto. Mama yetu alikuwa amelala ndani, moyo wake ukienda na kusimama. Erasto alikuwa mtu wa hasira, ninyi mlimkuta amekwisha kutulia. Nilikaa na ile barua siku mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikajiona mimi ndiye mwenye akili nyumbani kwetu. Nikamjibu. Nilimwambia tumekuzika, tumezika yago, kaburi liko na watu wamelia. Nikamwambia Magdalene ni mke wa Erasto na ana mimba. Nikamwambia ukirudi mmoja wenu ataondoka hapa amekufa kweli kweli, na Mama atamfuata. Nikamwambia kaa huko. Sikumuuliza mtu. Sikumwambia mtu, mpaka hao wote wakafa mmoja mmoja na mimi nikabaki na mdomo wangu.

Alinijibu mara moja, kwa karatasi ndogo. Haikuwa na salamu. Iliuliza tu: "Mlinilia?"

Sikuijibu hiyo. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitajibu. Niliona kama nikiandika ndiyo, tulikulia, nitakuwa namwambia unaona, ni kweli umekufa, na nikiandika kitu kingine chochote atapanda ndege. Basi nikaacha. Ndiyo maana nikamwona amekuja mwenyewe kwenye bahasha yako, kadi namba 17, kinywa wazi. Wewe ulidhani anahema. Mimi nilijua anauliza.

Kabla hasira yako haijafika nilikuwa nimekwisha kwenda. Ijumaa Kuu, baada ya ibada, nilikichukua kile kitambaa nikaenda kwa mama yako. Nilimkuta anachagua maharagwe kwenye ungo. Niliuweka ule mchoro juu ya maharagwe kwa sababu sikujua niuweke wapi. Aliuinua akausogeza kwenye mwanga. Akasema miguu amenichorea mikubwa. Halafu hakuniuliza ni nani amechora. Aliniuliza, "Yuko wapi?"

Nilimwambia yote, tangu chooni mpaka kibandiko. Sikulia, kwa sababu nilijiambia njiani kwamba kulia ni kumwomba anihurumie. Yeye aliuweka mchoro pembeni, akaendelea kuchagua maharagwe mpaka yakaisha, akayaosha, akayaweka jikoni. Akarudi akakaa. Akasema, "Kila nilipojifungua nilikwenda pale nikamwambia. Nilimwomba radhi mara nne. Nilikuwa naliambia tunda, Agripina. Na wewe ulikuwa unasimama langoni unanitazama."

Aliniuliza kama alioa huko. Nikasema Ronny anaandika hapana. Akaniambia nenda nyumbani.

Kesho yake alimwita jirani akamnyoa nywele. Mwanamke wa miaka sabini na sita, amenyoa kichwa, na watu wanamuuliza nani amefariki, anawajibu, "Mume wangu." Wanadhani ni Erasto, wanadhani uzee umemchanganya. Hawarekebishi. Haendi tena kaburini kufagia, na majani yameanza kufunika. Kwangu hakuja siku kumi na mbili.

Alhamisi alikuja. Hakukaa. Alisema leta karatasi ya huyo mtoto. Nikaandika mbele yake, akasoma, akaniambia nibadilishe neno moja, maana nilikuwa nimeandika mjane. Nikabadilisha. Alitia sahihi yake, kisha akaiweka kalamu mezani badala ya kunipa mkononi. Hajanisamehe, Ronny, na sidhani kwamba atanisamehe, na usijaribu kutupatanisha kwa simu. Ule mchoro ameubakiza kwake.

Mimi nina ombi. Ukienda pale, kabla hujasema lolote la kwako, mjibu. Mwambie tulilia siku nne. Mwambie mama yetu alipoteza sauti, na Erasto alilala chini nje bila mkeka, na mimi nilibebwa. Mwambie kwa Kijaluo. Umwambie pia kwamba jibu lilikuwa tayari tangu siku ile, ila aliyekuwa nalo alikuwa dada yake.

Karatasi yenyewe ni hii. Itafsiri vizuri.

*Kwa ofisi ya makaburi, Spånga.*

*Sisi tuliotia sahihi hapa tunathibitisha kwamba Matayo, mliyemzika mwaka 1998, ni mtu wetu. Alizaliwa Ugunja. Alikuwa na nyumba hapa, ana mke, ana watoto wanne. Mmoja wao, Ronny, yuko huko kwenu na ndiye atakayelitunza kaburi. Kwenye faili yenu mmeandika hana jamaa. Futeni.*

*Agripina, dada yake.*

*Magdalene, mke wake.*